Kulala Paa Moja na Mkwe

Mimi sikuomba kupelekwa baharini. Hilo nalisema mwanzo kabisa, kwa sababu watu wa nyumbani kwangu wanapenda kusimulia kisa hiki kana kwamba nilijipeleka pale mwenyewe, nikaharibu raha za watu, kisha nikarudi Nairobi nikiwa nimenuna. Mimi nilikuwa dukani kwangu mjini, pini zimejaa mdomoni, namkatia pazia mteja mmoja asiyejua anataka rangi gani, binti yangu aliponipigia simu kusema mumewe ametuandalia likizo. Likizo ya gofu, kwenye hoteli ya kifahari huko pwani, uwanja unaanzia karibu na mlango na kuishia ufuoni. Sisi wanne.

Nikatoa pini mdomoni nikamuuliza, kati ya hao wanne, wanaocheza gofu ni nani. Akasema ni baba yake na mume wake. Nikamuuliza sasa sisi wawili tutakuwa tukifanya nini. Akasema tutapumzika. Mimi nimefanya kazi tangu nikiwa msichana, na hakuna mtu aliyewahi kunifundisha kupumzika. Lakini nilijua safari hiyo ilikuwa ya nini hasa, ndiyo maana sikukataa.

Binti yangu alikuwa mjamzito, tumbo limeshaanza kumtangulia mlangoni, na baba yake alikuwa hajawahi kumwita yule mume wake mkwe. Hata siku moja. Alikuwa akimwita "yule kijana", na akiwa na hasira, "yule kijana wa taa", kwa sababu familia yao ina duka la taa. Ni familia ya Wahindi wa mtaa wa Kitisuru, watu wapole, bibi na wazazi na wajukuu wote wanaishi ndani ya nyumba moja kubwa, na binti yangu akaingia humo akawa wao. Harusi ilifungwa kwa msajili, mjini. Mimi nilifunga duka, nikavaa kitenge changu kizuri, nikasimama nyuma, nikaona kwa macho yangu mawili. Mzee wangu alibaki nyumbani kwetu, mtaa wa Jamhuri, uani, akipiga mipira ya gofu.

Alikuwa ameumia kwamba binti alichagua kwanza ndipo akauliza. Hapo namwelewa. Lakini badala ya kusema ameumia, akatafuta sababu nyingine. Wazee wa upande wa kijana walipotuma ujumbe kwamba wangependa kuja kujitambulisha, akasema hawezi kuwapokea, kwa kuwa watu wale hawali nyama, na kwetu mgeni wa posa lazima achinjiwe. Akasema, ati, nitawachinjia nini, sukuma wiki? Wacha apende hiyo kauli yake! Aliirudia kwa majirani, akairudia kanisani, akairudia hata kwa kinyozi. Wazee wa watu wakabaki wanangoja jibu.

Siku moja binti yangu alikuja dukani, akakaa juu ya mabunda ya vitambaa, akaniambia hataki sherehe wala hataki mambo makubwa. Anataka jambo moja tu. Kabla mtoto hajazaliwa, baba amwite mume wake mkwe. Kwetu sisi watu wa Magharibi ya Kenya, mtoto wa kwanza anapewa jina na babu, sasa babu asiyemtambua baba wa mtoto atampaje mtoto jina? Alilia, akajipangusa na kipande cha satini cha mteja wangu. Nilimwacha ajipanguse.

Gofu ndiyo kitu pekee ambacho mzee wangu hawezi kukikataa. Alijifunza akiwa wizarani, nyakati zile ambapo ukitaka sahihi ya mkubwa ilibidi umfuate uwanjani. Wakubwa walistaafu, ugonjwa wa gofu ukabaki. Wale aliokuwa akicheza nao nao wamekwisha: mmoja amefariki, mwingine amerudi ushago kufuga ng'ombe, mwingine magoti yamemkatalia. Kwa hiyo anacheza peke yake uani, mipira inaruka ua na kuangukia nguo za jirani, na anayekwenda kuomba msamaha ni mimi. Aliposikia habari za uwanja kando ya bahari, alitazama fimbo zake, halafu akasema atakwenda, lakini watu wasichanganye mambo. Yeye anafuata gofu. Hamfuati kijana.

Mimi na mzee tulishuka pwani kwa treni, yeye amekumbatia mfuko wa fimbo kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Nilimwambia auweke juu, akakataa.

Kule hotelini, jamani, nilichoka kabla sijakaa. Ukishuka garini unaulizwa kama umefurahia safari. Ukipewa juisi ya dafu unaulizwa kama umeifurahia juisi. Unavishwa bangili ya karatasi mkononi ili wajue wewe ni wa pale, halafu unaulizwa kama umeifurahia bangili. Nikatazama mapazia ya pale mapokezi, meupe, mepesi, hayana hata kitambaa cha ndani, jua linapita moja kwa moja hadi kwa macho ya watu. Nikajiambia, hapa pesa zote wameziweka kwa nyasi.

Kisha tukapelekwa kwa nyumba yetu. Nyumba moja. Vyumba viwili vya kulala vinatazamana, sebule moja katikati, kibwawa cha kuogelea mbele ya kibaraza. Yule kijana alikuwa ametangulia kufika na binti yangu, na alikuwa amesimama mlangoni, uso umemeremeta kwa furaha. Akasema hoteli ilitaka kutupa vyumba mbalimbali, akawaambia hapana, hawa ni wazazi wangu, tutakaa pamoja. Halafu akainama, akanyoosha mkono wa kulia, ili aguse miguu yangu.

Ngoja nieleze kwa ajili ya wasio wa kwetu. Mama mkwe na mkwe wake hawashikani mikono. Hawali wakiangaliana. Hawaonani wakiwa nusu uchi. Wakikutana njiani, mmoja anapisha kando mwingine apite. Na kulala chini ya paa moja ni jambo ambalo mtu hata halitaji. Hakuna chuki hapo. Ni heshima, tena ile kubwa, ambayo humpi mtu mwingine yeyote duniani. Ukoo ukishapokeana na ukoo mwenzake kuna mambo hufanywa ya kulegeza kidogo miiko hiyo, lakini mzee wangu na sukuma wiki yake walikuwa wamefunga huo mlango. Na kwao kule Kitisuru, heshima ni kinyume chake: kijana humwinamia mkubwa na kumgusa miguu, na kulala wote ndani ya nyumba moja ndio upendo wenyewe.

Niliruka. Mwanamke wa umri wangu, nikaruka kinyumenyume, nikaangukia mfuko wa fimbo za gofu, fimbo zikamwagika sebule nzima. Kijana akabaki ameinama hapo hapo, mkono hewani. Binti yangu akafunga macho.

Ndipo nikajua. Yule msichana hakuwahi kumweleza mumewe lolote. Amezaliwa Nairobi, amekulia Nairobi, mambo yetu anayaonea aibu mbele ya watu. Miaka yote hiyo nilipokuwa namsalimu kijana nikiwa ng'ambo ya barabara, nikitazama pembeni, yeye alikuwa akimwambia mumewe kwamba mama yangu ana haya tu. Na kijana wa watu, kwa moyo wake mzuri, akaona dawa ya haya ni kutuweka karibu zaidi. Alikuwa ametuandikisha hata kwa kukandwa mwili, sisi wanne pamoja, vitanda vinne kwa mstari.

Nilimwita mzee kando, nikamwambia mimi silali humo. Nilitarajia, kwa kuwa yeye ndiye mtu wa mila wakati mila zinamfaa, angeniunga mkono. Alikuwa anaokota fimbo zake moja moja, akizipangusa.

"Mwiko ni wa mkwe," akaniambia. "Mimi hapa sioni mkwe. Kama hakuna mkwe, hakuna mwiko. Lala."

Nilikasirika. Kwa sababu, ukimsikiliza vizuri, alikuwa amesema ukweli wake wote. Nikilala humo, nimekubaliana naye kwamba yule si mtu wetu. Nikatoka na mkoba wangu, nikarudi mapokezi kuomba chumba kingine. Hoteli ilikuwa imejaa, kulikuwa na mashindano ya gofu mwisho wa wiki. Wakaniuliza kama sikuifurahia nyumba. Nikawaambia nyumba ni nzuri sana, shida ni paa. Wakatuma mtu kwenda kutazama paa.

Mwishowe walinipa chumba cha mwalimu wa gofu, ambaye alikuwa likizoni. Kiko nyuma ya banda la vile vigari vidogo vya umeme wanavyopanda wachezaji. Kitanda kimoja, picha ya mtu akipiga mpira ukutani, na pale nje vigari vimepangwa vikichajiwa, vinanguruma kama friji nzee. Hiyo ndiyo ilikuwa likizo yangu ya kifahari.

Siku zilizofuata sikuona bahari ila kwa pembe ya jicho. Nilikuwa na kazi ya kumkwepa mkwe. Asubuhi, kabla sijaingia kwa chakula, nilichungulia nyuma ya nguzo nione amekaa wapi, nikakaa upande wa pili nikimpa mgongo. Naye, maskini, akidhani nimekosa mahali, ananifuata na sahani ya maembe aliyoyakata mwenyewe. Nikimwona anakuja nainuka nakwenda kwa mayai. Akinifuata kwa mayai nakwenda kwa mkate. Wahudumu walituangalia wakashindwa kuelewa. Na huko nje ndiko kubaya zaidi, maana mahali pale watu wazima wanatembea kifua wazi mchana kweupe, na yeye alikuwa kijana wa kuogelea. Nilijifunza kugeukia ukuta haraka. Nilijua kuta zote za hoteli ile, na ni kuta zilizopakwa rangi vibaya.

Mzee wangu, yeye alikuwa peponi. Alipanda kigari kimoja na kijana, bega kwa bega, tangu asubuhi. Nilikuwa nawasikia wakicheka kutoka mbali. Alikuwa akimpiga mgongoni, akimfundisha kushika fimbo, akimpa hadithi zake za wizarani, hata zile chafu ambazo mimi nilimkataza kuzisimulia mbele ya watoto. Wakimaliza, wanaingia pamoja kwa bafu la wachezaji, kule ambako maji yanatoka ukutani na hakuna milango katikati, wanaoga wakiimba. Jioni alikuja kunitembelea kwenye kile chumba changu cha vigari, akaniambia kijana ana mkono mzuri, ana subira, na hakasiriki akikosea. Akasema ni miaka hajapata mtu wa kucheza naye namna ile. Nilimtazama nikaona amepungua umri. Nikamwonea huruma, nikazidi kukasirika.

Kisha binti yangu akaja. Alinikuta nimekaa kwa kivuli nyuma ya banda, akasimama mbele yangu, mikono kiunoni, tumbo lake likinitazama. Akaniambia nimemwangusha. Akasema alikuwa ameogopa baba, kumbe wa kuogopwa ni mimi. Baba anacheza na mumewe, anakula naye, anacheka naye, wamekuwa marafiki. Mimi ndiye ninayemkimbia mtu kama mgonjwa wa kuambukiza. Mumewe halali vizuri, anajiuliza amenikosea nini, na sahani za maembe zinarudi vilevile. "Baba ameshamkubali, Mama," akasema. "Aliyebaki ni wewe."

Nilisimama. Sikumbuki kama nimewahi kuwa na hasira na mtoto huyu kama siku ile, na nimemlea mpaka chuo.

"Baba yako anaoga na yule mtu," nikamwambia. "Umewahi kusikia wapi, kwetu, baba akioga na mkwe wake? Anataniana naye kwa sababu kwake ni mtu wa njiani tu. Mimi nalala na vigari kwa sababu hapa pote ni mimi peke yangu ninayejua kwamba umeolewa."

Akakaa chini kwenye kreti, polepole, kwa sababu ya tumbo. Nikamweleza yote kuanzia mwanzo, mambo ambayo ningemweleza akiwa na miaka kumi kama angekubali kusikiliza, na ambayo alidhani ni vitu vya ushago, vya watu wa zamani. Kulia hakulia. Alisema tu, "Na mimi nilikuwa namwambia una haya." Kisha akaenda kumtafuta mumewe.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nashuka kwa ile njia ya mawe kwenda kula, kijana akatokea mbele yangu. Nikatafuta ukuta, hapakuwa na ukuta. Ndipo nikaona amevaa suruali ndefu, na shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo mpaka shingoni, katika joto lile la pwani. Aliponiona alisimama. Akatoka njiani, akaingia kabisa ndani ya maua ya hoteli, akageuka kando, akainamisha kichwa, akangoja nipite. Mtunza bustani alikuwa pale akitazama maua yake yakikanyagwa. Mimi nilipita. Nilipita polepole makusudi, mkoba mkononi, na moyo wangu ulikuwa umejaa mpaka nikashindwa kula hayo mayai.

Mchana kijana akatuma mkoba wake chumbani kwangu kwa mkono wa binti yangu, na ujumbe kwamba mama ahamie ile nyumba kubwa, yeye atalala kwa vigari. Nikahamia. Mtoto wa Kitisuru, aliyelipia kila kitu, akaenda kulala chini ya ile picha ya mtu akipiga mpira.

Kumbe hakuishia hapo. Alimwendea mzee wangu uwanjani akamwambia, kwa adabu, kwamba kuanzia siku ile atapanda kigari chake mwenyewe. Na bafuni hataingia mzee akiwamo. Mzee alirudi kwangu amevimba. Akauliza tumemlisha nini kijana. Alisema jana mtu alikuwa sawa, leo anamjibu "ndiyo baba, hapana baba" kama mtu yuko kwenye mahojiano ya kazi, hadithi hacheki, anaendesha nyuma yake kwa kigari kingine kama askari wa kusindikiza mkubwa.

Nikamwambia kijana amejifunza mila zetu.

"Nilikuwa nimepata mtu wa kucheza naye," akasema. Aliketi kitandani na viatu vyake vya gofu, vile vyenye meno, juu ya zulia la hoteli. Hakuwa na ukali. Alikuwa na huzuni tu, nami nikajua anaelewa vizuri sana. Hakuwa akimkataa kijana kwa sababu anamchukia. Alikuwa amempenda. Kijana akiwa mtu wa njiani, wangecheza mpaka mzee azikwe. Akiwa mkwe, utani umekwisha. Mbele yangu alikuwa amekaa mtu anayepima hasara.

Siku ya mwisho kulikuwa na mashindano ya wawili wawili, na walikuwa wamejiandikisha pamoja kabla mambo hayajaharibika. Walicheza. Kila mtu kwa kigari chake, wakisemezana mambo ya mpira tu. Binti yangu nami tulikaa kwenye benchi karibu na lile bafu la wachezaji, kwa sababu ndipo palipokuwa na kivuli, tukawatazama wakija kutoka kwa shimo la mwisho. Hawakushinda, lakini hawakuaibika. Watu wakawapigia makofi. Wote wawili walikuwa wameloa jasho, na kijana zaidi, kwa lile shati lake la mikono mirefu.

Mzee akaingia kuoga. Kijana akabaki nje, kwenye jua, ameupa mlango mgongo. Wachezaji wengine walikuwa wakipita wakimwita aingie, akawa anatabasamu anasema anangoja. Walidhani amechanganyikiwa na jua. Binti yangu alitaka kumpelekea maji, nikamshika mkono akakaa.

Kisha mlango ukafunguka, mzee wangu akatokea amejifunga taulo la hoteli kiunoni, povu la sabuni begani. Alikuwa amekuja kumwita. Akasema, kijana, njoo bwana, maji ya moto yatakwisha. Alisema kwa sauti ile ya siku za kwanza, sauti ya kubembeleza, na nilisikia ndani yake jinsi alivyotaka sana kijana ageuke. Kijana aligeuka nusu, akaona taulo, akageuza uso haraka kwa ua wa michongoma, akaufunika kwa mkono. Alisimama tu pale, mtu mzima, uso kwenye miti, kwa sababu hakuweza kumtazama baba mkwe wake akiwa hajavaa.

Mzee akasimama. Akatazama tumbo lake mwenyewe, akatazama taulo. Akatutazama sisi kwenye benchi, na mimi sikuondoa macho. Nilikuwa nimekasirika wiki nzima na hasira yote ilikuwa imekusanyika hapo machoni, natumaini aliiona. Akarudi ndani, akafunga mlango.

Alikaa sana. Alipotoka alikuwa amevaa suruali, amevaa shati, vifungo vimepishana kimoja, na juu yake amevaa koti. Koti zito la kanisani, ambalo nilimwambia asilibebe. Sabuni ilikuwa bado sikioni. Alikuja akakaa kwenye benchi kati yangu na binti yake, akaweka mikono magotini, akatazama mbele. Kijana alikuwa hatua chache tu kutoka hapo, angeweza kumwambia mwenyewe. Lakini hakumwambia. Alimgeukia binti yake apeleke neno, kama inavyotakiwa kwa mkwe.

"Mwambie mkwe wangu aingie aoge," akasema. "Mimi nitangoja."

Binti yangu hakuweza kusimama, ilibidi nimsukume. Akaenda kwa mumewe, akamrudishia neno lile lile, ingawa alikuwa amelisikia. Kijana akainamisha kichwa kuelekea benchi letu bila kututazama, akaingia kuoga. Tukasikia maji. Mzee wangu alikaa pale na koti lake mpaka maji yakanyamaza, jasho likimtoka kila mahali, na mhudumu alipokuja kumuuliza kama amefurahia mchezo, akasema ndiyo, asante.

Kurudi Nairobi, mimi na mzee tulipanda behewa moja, na wao wawili behewa lingine, kama inavyofaa. Mfuko wa fimbo aliuweka juu bila kuambiwa. Tulipokaribia mjini aliniuliza watu wasiokula nyama huwa wanapikiwa nini wakiwa wageni wa heshima. Nikamwambia nitauliza. Akasema niulize mapema, wazee wasije wakangoja tena. Kauli ya sukuma wiki sijaisikia tangu siku hiyo, na wala sikumkumbusha.

Lakini nisiseme uongo kwamba alirudi na furaha. Jumamosi iliyofuata alitoka uani na fimbo zake, akapiga mipira miwili, akaacha. Akaja jikoni akasimama mlangoni akiniangalia nikichambua mchele.

"Sasa nitacheza na nani?" akaniuliza.

Nikamwambia atacheza na mjukuu. Mjukuu na babu yake hawana mwiko wowote. Watataniana, wataoga pamoja, watapanda kigari kimoja, na hakuna mtu atakayegeukia ukuta. Alinitazama kama mtu anayetafuta kama natania. Akaondoka. Nikasikia vitu vikianguka stoo, nikajua anaharibu kitu, lakini nilikuwa nimechoka kufuatilia watu.

Alirudi na fimbo yake moja ya zamani, ile ya kwanza aliyonunua wizarani, na msumeno. Alitaka tepu yangu ya kupimia mapazia. Nikamuuliza ya nini. Akasema anataka kuikata fimbo iwe fupi, lakini hajui mtoto huwa na urefu gani anapoanza kucheza. Nikamwambia aache ujinga, mtoto mwenyewe hata hajazaliwa. Halafu nikafuta mikono, nikampa tepu.